Vikombe Viwili vya Alhamisi

Baba, shikamoo.

Mama hajafika. Nilimwambia saa tisa, na sasa ni saa tisa na dakika kumi na mbili. Kila kiatu kinachogonga zile ngazi za matofali kinanifanya niinue kichwa. Mpaka sasa wameteremka mwanamke na mbwa wake, vijana wawili waliobeba baiskeli begani, na mtu wa mazoezi mwenye hedifoni. Mzee Gurdev amekaa upande wake uleule wa benchi. Ameniona nikitoa daftari, akageuza uso akatazama mabata, kwa adabu. Kati yangu na yeye kuna nafasi yako. Hatukuambiana tuiache.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyonilazimisha kumwandikia Bibi kule Pemba kila Jumamosi asubuhi, wenzangu wote wamelala. Utaona makosa. Leo usiyapigie mstari mwekundu.

Nina mambo mawili ya kukiri, na yote nimeyafanya kwa mdomo. Mimi, ambaye mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba angependa kunisikia sauti walau mara moja kabla sijamaliza skuli.

La kwanza. Siku ya pili baada ya kukuzika, meneja wenu wa karakana alikuja nyumbani. Yule Mwingereza mrefu, uliyekuwa ukisema anainama hata akipita uwanjani. Alikuja na maua na kadi waliyoisaini wote. Akaona viatu vya watu mlangoni, akavua vyake, akabaki kavishika mkononi kama mtu aliyekuja kuviuza. Sebule imejaa wanawake. Mama yuko kwenye mkeka, Bi Zuhura ubavuni pake, na Bi Zuhura unamjua, shoga wa Mama wa siku zote: tangu alfajiri hakuna kikombe kilichopita bila yeye kujua kimekwenda kwa nani. Meneja akaanza kusema, na macho yote yakanigeukia mimi. Kwa daktari, skuli, ofisi za kaunsili ya mji, mimi ndiye ulimi wa nyumba. Mama Kiingereza anakijua kiasi, lakini siku ile hakikuwa kinamwingia.

Basi nikatafsiri. Unajua ninavyotafsiri. Nafunga akili, maneno yanaingia sikioni yanatokea mdomoni, na ndiyo njia pekee ninayoweza kusema mbele ya watu, maana maneno si yangu. Akasema pole, nikasema pole. Akasema ulikuwa fundi asiye na mfano kwenye ile mashine ya kukatia vyuma, nikasema. Kisha akatabasamu huku macho yamemlowa. Akasema atakachokukumbukia ni Alhamisi, siku karakana inapofungwa saa saba mchana, jinsi ulivyokuwa wa kwanza kutoka, chupa ya chai kwapani, unacheka peke yako kama mtoto aliyeachiwa skuli mapema.

Nikalitafsiri lote. Mpaka kucheka.

Nilipofunga mdomo ndipo nilipojisikia. Kwa sababu miaka miwili, Baba, ulimwambia Mama kwamba Alhamisi mna ovataimu, mnatoka saa kumi na moja.

Bi Zuhura akakohoa kidogo. Mama akaniambia, "Mwambie ahsante." Nikamwambia. Meneja akavaa viatu vyake ngazini akaenda zake, maskini, hajui ni nini alichokiacha nyuma.

Jikoni walidhani sipo. Nilikuwa nyuma ya mlango wa friji natafuta maziwa. Bi Zuhura akasema kwa ile sauti yake ya chini ambayo inasikika mpaka duka la kufulia chini yetu: "Na hiyo ovataimu ya Alhamisi, inavaa shungi?" Mmoja akacheka akauficha mdomo kwenye kanga. Mwingine akasema amesikia kuna nyumba mtaa wa Harborne, ya mjane wa Kisomali. Kufikia laasiri mjane alikuwa na mtoto. Wallahi Baba, mimi ndiye niliyekuzalia yule mtoto.

Siku ya khitma, baada ya dua, Bi Zuhura akamshika Mama mkono. Hakuwa na nia mbaya, nasema kweli. Akamwambia, "Sema umemsamehe, shoga yangu. Maiti anasubiri neno la mkewe." Wote wakaitikia, sema, sema mama. Mama alikuwa anakunja kanga. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, hesabu yetu ile, nikafika mia.

Hakusema.

Wageni walipoondoka akaviweka mezani vile vikombe viwili vya bati unavyovijua. Akaviweka mbele yangu kama mwalimu anayekuonyesha ulichokosea. Akasema miaka miwili ameviosha kila Alhamisi, viwili, na hakuuliza, alisema moyoni labda ni rafiki wa kazini. Akasema na koti lako lilikuwa likirudi linanuka kuni. "Nani anapika kwa kuni Birmingham, Raya? Mtu hakai jikoni kwa mtu bure."

Majibu yote nilikuwa nayo. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba sijui, maana Kiingereza ndicho ninachokimbilia ninapotaka kudanganya.

Saa tisa na dakika ishirini na tano. Ameteremka baba mmoja na kigari cha mtoto. Si yeye.

Unakumbuka tulivyoanza? Daktari aliposema ile kengele iliyokuwa inalia masikioni mwako haina dawa, umekaa miaka mingi mno mbele ya mashine, na kitu cha kukusaidia ni utulivu. Tulipotoka ukaniuliza, "Utulivu unauzwa duka gani?" Ukacheka, lakini nilikuona unavyobana jicho basi lilipopita. Mwaka mzima baadaye nikajua kwamba ulikuwa umeutafuta peke yako, Alhamisi kwa Alhamisi, mji mzima huu, kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga.

Ulinisimulia mpaka nikaumwa mbavu. Maktaba kubwa ya mjini, bustani ya juu kabisa: nzuri, lakini wanafunzi wanapigana busu na wewe hujui uangalie wapi. Makaburi ya zamani karibu na masonara: kimya safi, ila ulijiona umewahi zamu. Njia ya miguu ya Harborne, ilikopita reli zamani: miti mizuri, baiskeli kama nyuki. Mimi nikakuuliza kwa nini si msikitini, watu wote wanapumzika msikitini. Ukasema msikitini ukifumba macho tu anakuja mtu wa kamati kukuuliza mabomba ya udhu yatatengenezwa lini. Na kila mahali ulipima kwa kipimo kimoja. Unakaa, unafumba macho, unahesabu taratibu mpaka mia. Honi ikilia kabla ya mia, au king'ora, au mtu akipiga simu kwa kelele, unanyanyuka unakwenda zako. Treni ulikuwa huihesabu. Ulisema treni inapita na shughuli zake, haina ubaya na mtu.

Mji wote haukufika mia, mpaka uliposhuka ngazi hizi Edgbaston, ukakuta barabara imebaki juu na kelele zake, na huku chini kuna mfereji, na miti imeinamiana, na mashua nyembamba zinazokaliwa na watu, mabomba yake madogo yanatoa moshi wa kuni. Bata akakupigia kelele. Ukamwambia kwa Kiswahili, we bata hebu nyamaza, nimekuja kupumzisha masikio. Na mzee wa kilemba aliyekaa mwisho wa benchi akasema bila kugeuka, "Hii bata haisikii Kiswahili, bwana. Jaribu Kipunjabi."

Ndivyo mlivyozoeana, wewe na Mzee Gurdev, kijana wa Kisumu wa miaka sabini na nne. Kikombe cha pili kilikuwa chake. Hata jina lako sidhani alilijua mwaka wa kwanza, alikuita Fundi tu. Mlikuwa mkikaa saa nzima hamsemi kitu, kisha mmoja anasema, chai imebaki? Mwingine anasema, kidogo.

Mimi nilikuja baadaye, siku ile uliponikamata. Sikuwa nimekwenda darasani. Ilikuwa zamu yangu kusimama mbele ya darasa niongee dakika tano, na nilitoka getini kabla ya kengele, nikatembea tu, nikakutana na wewe kituo cha tramu, saa nane ya Alhamisi, wakati wewe ulipaswa kuwa kazini na mimi skuli. Tukatazamana. Nilidhani utanigombeza. Ukaniangalia mpaka chini, ukasema, "Haya. Wezi wawili." Ukanileta hapa.

Nilipenda mahali hapa kuliko nilivyowahi kupenda mahali. Hakuna aliyeniuliza mbona kimya. Kila Alhamisi nilikuja moja kwa moja kutoka skuli, nikinywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Siku moja nikakuuliza kwa nini Mama haji. Na wewe ukakaa, ukakaa, treni mbili zikapita.

Ukasema ni cherehani.

Ukasema kutwa nzima mashine inakupiga kichwani, na ukipanda ngazi za nyumbani unaisikia nyingine kabla hujafungua mlango. Mama anashona magauni ya maharusi wa mji mzima tangu umfahamu, anajivunia, ndiyo kazi yake na jina lake, na ile sauti, ulisema, inakuingia kwenye jino. Utamwambiaje mtu kwamba kazi ya mikono yake inakukimbiza nyumbani kwako? "Atadhani nimemchoka yeye. Sitaki aanze kushona kwa kujificha kwa ajili yangu." Ukanitolea kidole chako cha mwisho, kile kilichokatika ncha, nikakipindia changu. Usimwambie Mama. Nikasema sitamwambia. Kunyamaza ndicho kitu ninachokijua.

Kwa hiyo nilinyamaza. Wewe umelala ardhini, Mama yuko kwenye eda yake ya miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajitii hata tone la manukato, na watu wanaleta vitambaa na maneno. Alishona kuliko zamani. Akimaliza kuswali alfajiri tu, anakaa kwenye cherehani. Nami kwenye kitanda changu nasikia, na nikaanza kuisikia kwa masikio yako, Baba, na hilo lilinitia hofu.

Mwezi wa pili wa eda nilijaribu nusu. Nilimwambia kuna benchi, kuna mfereji, ulikuwa unakwenda kupumzika tu. Sikusema kwa nini ulificha. Nikampigia kwenye simu sauti niliyorekodi hapa, dakika tatu za maji na ndege. Alisikiliza mpaka mwisho, mguu umesimama juu ya pedali. Kisha akasema, "Mtu hafichi benchi, Raya. Mtu anaficha mtu." Akakanyaga.

Na alikuwa na haki. Nani angeamini? Ukiondoa ile sababu, hadithi yote inabaki na tundu katikati, na lile tundu lina ukubwa wa mwanamke.

Saa tisa na dakika arobaini. Mzee Gurdev ameangalia saa yake, akaishushia mkono wa koti haraka nisimwone.

La pili la kukiri linamhusu yeye. Wiki tatu baada ya msiba nilikuja hapa. Nilidhani nitakaa tu. Nikamkuta, kavaa koti lake zito, kilemba cha buluu, anatazama ngazi. Aliponiona akafurahi, akauliza, "Fundi iko wapi siku hizi?" Alikuwa amekusubiri Alhamisi tatu kwenye baridi ile. Na mimi mdomo wangu ukafunguka, nikasema, yuko kazini.

Yuko kazini, Baba. Nilisema hivyo. Kwa sababu sentensi ile nyingine sikuwahi kuisema kwa kinywa changu, wengine walikuwa wakiisema, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kiarabu, na mimi nilikuwa nikiisikia tu. Akasema sawa, kazi ni muhimu, akaniambia nikusalimie. Nikasema zimefika. Nikapanda ngazi zile mbio, sikugeuka nyuma.

Alhamisi iliyofuata sikuja. Wala ile nyingine. Kisha nikamwona akilini amekaa anasubiri mtu ambaye mimi nimesema yuko kazini, na kwamba atasubiri mpaka majani yaote, na nikaja mbio kutoka skuli, sikukaa hata chini, nikasimama mbele yake nikasema, Baba amekufa, amekufa Januari, moyo, karakanani, nilikudanganya. Yote kwa pumzi moja. Ndiyo mara ya kwanza kuyasema.

Alivua miwani. Hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Alisema, "Pole sana, mtoto yangu," akasogea kwenye benchi, si kuja karibu yangu, alisogea mbali kidogo, akakuachia nafasi yako. Tangu siku hiyo hakuna anayekaa hapo.

Alitaka kuja kumpa Mama pole. Nikamweleza eda, kwamba haonani na mwanamume asiye wa ukoo. Nilidhani nitalazimika kueleza sana, nikaanza kutafuta maneno, akaninyamazisha kwa mkono. Alisema alikulia nyumba moja na Waislamu, ukuta na ukuta, anajua. Akasema mama akae eda yake kwa heshima, akitoka, yeye yupo hapa Alhamisi.

Jana eda imekwisha. Bi Zuhura alikuja na wenzake, wakamwogesha, wakamvalisha, nyumba ikafukizwa udi kwa mara ya kwanza tangu uondoke, nikalia chooni kwa ajili ya harufu ile. Wakampigia vigelegele vya polepole. Na Bi Zuhura hakusahau, yeye hasahau kitu. "Eda imeisha, shoga. Na lile neno?"

Mama akasema, "Neno sina."

Nilimwangalia akisema. Hakuwa na hasira usoni. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. Alikuwa kama mtu aliyefika kituoni akaambiwa basi lilishaondoka, na sasa anapanga kuishi hapohapo kituoni. Na kilichomuweka pale ni sentensi mbili. Moja nimeisema na nyingine nimeificha. Sikulala vizuri. Nilikuwa nikipima ahadi yangu kwako na uso ule wa Mama, na kila nikipima uso unashinda.

Leo asubuhi kabla ya mtihani nilisimama mlangoni pa chumba cha kushonea. Alikuwa na gauni jeupe mapajani, refu, limemwagika mpaka miguuni pangu. Cherehani inakwenda. Nikasema, Mama. Hakusikia. Nikasema tena kwa nguvu, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, nikasema Baba hakuwa na mtu. Alikuwa anaikimbia cherehani.

Mguu ukasimama.

Nikasema yote. Masikio, mashine, jino, kwamba ulikuwa unasimama chini ya ngazi za nyumba kabla ya kupanda, unavuta pumzi. Kwamba uliogopa atadhani umemchoka yeye. Nilisema kwa Kiswahili. Yeye hakunitazama hata mara moja, alikuwa anaitazama sindano, imekwama katikati ya kitambaa. Kisha akanyoosha mkono akazima swichi ukutani.

Baba, hujawahi kuisikia nyumba yetu vile. Hakuna kitu. Duka la kufulia chini, basi moja mbali. Nilikuwa nimetaka ukimya ule maisha yangu yote, na ulikuwa mbaya.

Nikasema, leo nina mtihani wa asubuhi tu, saa tisa nitakuwa pale kwenye benchi. Nikamwandikia njia kwenye karatasi ya kukatia nguo, ashuke tramu wapi, ageuke wapi, ngazi za matofali. Nikaiweka juu ya gauni. Hakuichukua. Nikaenda kufanya mtihani wa kemia na hata sikumbuki niliulizwa nini.

Sasa ni saa tisa na dakika hamsini na tano. Kama haji, nimevunja ahadi yako bure, na nimemnyang'anya pia kitu alichokuwa nacho. Jana alikuwa mke aliyedanganywa. Leo anaweza kuwa mke aliyemfukuza mumewe kwa kazi ya mikono yake, na hilo nimempa mimi. Hilo ndilo ninaloliogopa. Nakwambia ukweli, nimekaa hapa naogopa, na maji yametulia tu kama hayatuhusu.

Kuna mtu juu. Amesimama. Naona viatu tu.

Ni vile vyeusi vya

*

Naendelea. Jua bado lipo. Wao wametangulia, wanapanda ngazi polepole kwa sababu ya magoti ya Mzee Gurdev. Nimewaambia nawafuata.

Mama alisimama juu muda mrefu. Nilitaka kumkimbilia, Mzee akanigusa kiwiko, nikakaa. Akateremka ngazi moja, mbili, mkono ukutani, baibui jipya, mfuko begani. Alipofika chini hakutuangalia sisi. Aligeuza uso upande wa mashua ile ya kijani, ile ambayo mwenyewe anachemsha maji kwa kuni hata mwezi wa sita. Moshi ulikuwa unateremka unalala juu ya maji. Nikamwona anavuta pumzi. Akavuta tena. Akashika pua yake na vidole viwili kama mtu anayezuia kupiga chafya, mabega yakaanza kumtikisika, na nilijua ile harufu ya koti lako imemfikia.

Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno. Hakuyahitaji hata moja.

Mzee Gurdev alisimama, akaunganisha mikono, akasema pole sana mama. Halafu akasema, "Fundi alikuwa anasema, mama ya Raya iko na mkono ya dhahabu. Kila siku. Mpaka mimi nachoka." Mama akacheka. Kidogo, kwa puani, lakini nilisikia.

Akakaa kwenye nafasi yako. Hakuuliza ni ya nani. Akafungua mfuko akatoa chupa ya chai na vile vikombe viwili vya bati, na cha tatu cha kaure, kile chake cha kila siku. Akampa Mzee kimoja bila kuuliza kipi ni chake, akanipa mimi cha kaure. Chako wewe alikinywea yeye.

Nikaanza kuhesabu. Sikuweza kujizuia. Ishirini. Treni ikapita, sikuihesabu. Arobaini. Nilipofika sabini na moja Mama akasema, anayatazama maji, "Angeniambia tu. Ningeizima."

Sikujua kama alikuwa akiniambia mimi.

Kisha akaliona daftari. Akauliza ninamwandikia nani, nikasema wewe. Nilidhani atasema ni ujinga, mtu wa skuli kumwandikia maiti badala ya kumsomea Yasini. Akazungusha kikombe mkononi. Akasema, "Basi mwandikie nimemsamehe." Nikaandika palepale, mbele yake, ukurasa mwingine, utaona mwandiko umekwenda upande. Nilipomaliza akasema, "Na mwandikie bado nimekasirika."

Nimekufikishia yote mawili kama alivyosema. Sikupunguza, sikuongeza.

Mimi nilidhani wewe na mimi ni watu watulivu, Baba. Leo nikiwa hapa nimeona tulikuwa waoga wawili waliopata mahali pazuri. Mahali ni pazuri kweli, sikuondolei hilo. Lakini Mama alifika sabini na moja kwenye siku yake ya kwanza, na wewe ulikaa miaka miwili bila kumleta.

Ahadi ile ya kidole nimeivunja, na sikuombi msamaha kwa hiyo. Nakupa nyingine mahali pake. Kitu kikiniuma, sikio au moyo, nitakisema nyumbani, kwa sauti, kwa lugha yoyote itakayotoka kwanza. Na Alhamisi tutakuja watatu. Mama amesema Alhamisi cherehani itapumzika baada ya adhuhuri, maharusi wasubiri, kwani wanakwenda wapi.

Wananiita kutoka juu. Mama anasema chai yangu nimeiacha nusu na kikombe chake nisikisahau.

Lala salama, Baba yangu. Huko nadhani mtu anafika mia bila kukatizwa. Ukifika, anza tena moja, mimi nitakuwa nahesabu huku.

Mwanao,
Raya